Maana ya upangaji wa kazi kwa wakati halisi katika maikrokontrola

Upangaji wa kazi kwa wakati halisi ni utaratibu wa kuamua ni kazi ipi itumie prosesa, na lini, ili kila kazi ikamilike kabla ya muda wake kupita. Prosesa yenye kasi inaweza kabisa kushindwa kutimiza sharti hilo.

Tuchukue ATmega328P, maikrokontrola (yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, yenye saa ya megahezi 16 na RAM ya kilobaiti 2 tu, ikiwa imepewa jukumu la kuongoza mota. Kila milisekunde 5 husoma kihisi cha mzunguko, hulinganisha mwendo uliopatikana na uliotakiwa, kisha hurekebisha umeme unaokwenda kwenye mota. Huo ndio udhibiti wa mrejesho. Tuseme kazi hiyo huchukua milisekunde 2, na kwamba ipo kazi nyingine ya kuandika kwenye skrini, inayorudiwa kila milisekunde 100 na kuchukua 30. Prosesa inashughulika kwa asilimia 70 tu ya muda wake. Hata hivyo, ikiwa kazi iliyoanza haikatizwi, skrini itaishikilia prosesa kwa milisekunde 30 na mota itakosa zamu kadhaa mfululizo. Tena si kuchelewa tu: programu hugawa hatua zilizohesabiwa na kihisi kwa milisekunde 5 ilhali zimepita 30, hivyo hupata mwendo mara sita ya ule wa kweli na kuipunguzia mota umeme pasipo sababu.

Mwaka 1973, watafiti Liu na Layland walithibitisha kwamba, pale vipaumbele visipobadilika, mpango bora ni kuitanguliza kazi yenye kipindi kifupi zaidi na kuiruhusu ikatize nyingine. Kazi mbili zisizotegemeana hutimiza muda daima iwapo jumla ya matumizi ya prosesa haizidi takriban asilimia 82.8, kiwango kinachoshuka kuelekea 69.3 kadiri kazi zinavyoongezeka. Mfano wetu umo ndani ya mpaka huo: mota haikosi zamu hata moja, na skrini, ingawa inakatizwa mara kwa mara, humaliza baada ya milisekunde 50 hivi, yaani mapema kabisa.

Hesabu hii huaminika pale tu tunapotumia muda mrefu kabisa ambao kazi inaweza kuchukua, kwani wastani huficha zamu chache zinazoharibu udhibiti. Aidha, sehemu yoyote ya programu inayozima ukatizaji, hata kwa kitambo, huichelewesha mota, na ucheleweshaji huo sharti uingizwe katika hesabu.