Bajeti ya ulinzi ya Nigeria: isomwe kwa naira au kwa dola?

Rais wa Nigeria anapopeleka muswada wa bajeti bungeni Abuja, magazeti hukimbilia jumla ya fungu la ulinzi. Jumla hiyo hupanda karibu kila mwaka, lakini haikuambii jeshi litanunua nini. Igawanye kwanza. Sehemu kubwa ni matumizi ya kawaida, hasa mishahara na posho za Jeshi la Nchi Kavu, la Wanamaji na la Anga. Ndege na silaha nzito hutegemea matumizi ya maendeleo, na muuzaji wake huwa nje, anataka dola.

Hapo ndipo tarakimu hudanganya. Kabla ya Juni 2023, dola moja ilikuwa kama naira 460 kwa bei rasmi. Mwaka 2024 ilivuka 1,500. Kipuri cha dola 100,000 kilichohitaji naira milioni 46 kikawa kinahitaji milioni 150. Kwa hiyo bajeti ikiongezeka maradufu kwa naira, karakana ya ndege bado inaweza kuwa imepunguziwa.

Chukua ndege 12 nyepesi za mashambulizi, A-29 Super Tucano, ambazo Nigeria ilinunua Marekani. Marekani iliidhinisha mauzo hayo Agosti 2017, kwa makadirio ya dola milioni 593. Ukigawa kwa 12 utaona bei ya ajabu, ila si bei ya ndege tupu: ndani yake mna mabomu, vipuri na mafunzo ya marubani na mafundi. Marubani walifundishwa Georgia, Marekani, na kambi ya Kainji, nchini Nigeria, ilihitaji majengo mapya. Ndege sita za kwanza zilitua Julai 2021, miaka karibu minne baada ya idhini.

Malipo yake nayo yalizua mzozo. Mwaka 2018 Rais Buhari aliwaarifu wabunge kwamba dola milioni 496 zilikuwa zimeshalipwa kutoka Akaunti ya Ziada ya Mafuta Ghafi (akiba ya mapato ya mafuta yanayozidi makadirio ya bajeti), kwa sababu muda wa mwisho ulikuwa unakaribia. Baadhi ya wabunge walitaka aondolewe madarakani, maana Katiba ya 1999, kifungu cha 80, inataka idhini ya Bunge itangulie. Aliyekuwa akisoma fungu la ulinzi peke yake asingeyaona malipo hayo.

Fedha za usalama hukaa kwingine pia. Polisi wana fungu lao, magavana wana fedha zao za usalama ambazo matumizi yake hayaelezwi hadharani (doa kubwa, kwa maoni yetu), na operesheni za kijeshi huwekewa kasma kwenye mafungu ya jumla ya serikali, nje ya Wizara ya Ulinzi.

Mwisho, kilichopitishwa si kilichotolewa. Fedha za maendeleo hutoka kwa awamu, mara nyingi kwa kuchelewa, na muuzaji haanzi kazi bila malipo ya awali. Linganisha basi muswada na ripoti za robo mwaka za Ofisi ya Bajeti, uangalie safu ya fedha zilizotolewa kabla ya ile ya zilizoidhinishwa.