Gari Likijaa: Kufundisha Kiingereza kwa Mradi wa Usafiri Mjini Busia

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Busia, upande wa Uganda, na kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha pili hufanya mradi wa usafiri wa umma: teksi za abiria 14, bodaboda, mabasi ya kwenda Kampala na Nairobi, na malori yanayopanga foleni mpakani. Walimu wenzangu kadhaa wameniomba niueleze mradi huo. Nimechagua kuueleza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichonionyesha mahali unapofaulu na mahali unapokwama.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye miradi, na asilimia 20 ya alama zake za mwisho hutokana na kazi za shuleni, huku asilimia 80 zikitokana na mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani. Mradi ambao mwalimu wa lugha huufikiria kwanza ni wa kuwapeleka wanafunzi stejini, yaani kwenye kituo cha teksi, wawahoji madereva kwa Kiingereza, kisha warudi waandike ripoti. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, na haikufaa. Stejini kwetu watu huzungumza Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda, na mwanafunzi aliyejikaza kumwuliza kondakta swali la Kiingereza alikuwa akimwuliza mtu anayemfahamu, pengine jirani yake wa mlango wa pili. Kondakta alimjibu kwa Kiswahili, wote wawili wakaona haya, na daftari likarudi darasani na majibu ya neno mojamoja. Hakuna mtu pale aliyekihitaji Kiingereza, na lugha isiyohitajika na yeyote haiwezi kufundishika kwa kuigizwa mbele ya watu wenye kazi zao.

Kwa hiyo nilianza kujiuliza ni nani hasa anayehitaji Kiingereza katika usafiri wa Busia, na jibu lilikuwa wazi: ni mgeni. Ni mtu aliyevuka mpaka leo asubuhi, asiyejua lugha yetu hata moja, anayetaka kufika Kampala, safari ya karibu kilomita 200 kupitia Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono. Tangu hapo wanafunzi wangu huandika mwongozo wa kurasa mbili kwa ajili ya mtu huyo. Stejini huuliza kwa lugha yoyote inayompa mzungumzaji nafasi ya kueleza kwa kina, na Kiingereza huanza wanaporudi kwenye madawati, wakiwa na habari nyingi mkononi na msomaji mmoja wanayepaswa kumfikisha salama.

Najua kuna walimu watakaosema kwamba ninawaruhusu wanafunzi kuzungumza lugha za nyumbani katika somo la Kiingereza. Nilipokuwa mwanafunzi nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama uwanjani, nikakaa nacho hadi jioni nikitafuta mwenzangu wa kumvisha, na ninachokumbuka kuhusu Kiingereza cha siku ile ni kwamba nilinyamaza. Kile kibao hakikunifundisha sentensi hata moja. Mwanafunzi aliyesikiliza maelezo ya dakika kumi kwa Kiswahili na akalazimika kuyafanya yaeleweke kwa Kiingereza amefanya kazi kubwa zaidi ya lugha kuliko yule aliyekariri maswali matano.

Maandalizi ni mafupi. Ninahitaji ruhusa ya mkuu wa shule, barua kwa wazazi, na mazungumzo na mwenyekiti wa steji siku chache kabla, kwa sababu steji ina wenyewe na mgeni hubisha hodi. Wanafunzi huenda katika makundi ya watu sita pamoja na mwalimu mmoja, asubuhi baada ya msongamano kupungua, na hakuna anayeruhusiwa kupanda chombo chochote wala kuvuka barabara kuu bila mwalimu. Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, hivyo kila kitu huandikwa kwa kalamu, na hilo nimeliona kuwa faida, kwani anayeandika kwa mkono hulazimika kuchagua lipi linafaa kuandikwa.

Sasa nije kwenye sentensi inayonipa somo zima kila mwaka. Ukimwuliza kondakta gari linaondoka saa ngapi, atakujibu: "Likijaa, linaondoka." Ni maneno mawili, na kila mtoto wa Busia anayaelewa. Waambie wayaandike kwa Kiingereza na darasa litagawanyika. Wengine huandika "If it is full, it goes", wengine "When it will be full, it will go", na wachache "It being full, it goes". Hapo ndipo ninapoweka chaki chini na kuwauliza: je, kondakta ana shaka kwamba gari litajaa? Wote hujibu kwamba hana, litajaa tu, labda baada ya nusu saa, labda baada ya saa mbili. Basi "if" haifai, kwa maana ukimwandikia mgeni "if" atadhani kuna siku ambazo gari halijai na haliondoki. Kiambishi chetu cha "-ki-" kinabeba yote mawili, sharti na wakati, na msikilizaji hupambanua kwa mazingira, lakini Kiingereza kinamtaka mwandishi achague. Baada ya hapo tunaingia kwenye "will", ambayo Kiingereza sanifu hakiiweki baada ya "when" ya namna hii hata kama tukio halijatokea, na tunafika kwenye "The taxi leaves when it is full". Nimewahi kufundisha kanuni hiyohiyo ubaoni kwa sentensi za vitabuni kuhusu mvua na miavuli, na wiki iliyofuata ilikuwa imesahaulika. Ya gari haisahauliki, kwa sababu wanajua kitakachompata mgeni wakikosea.

Hatari nyingine iko kwenye saa. Mwaka mmoja kundi zima liliandika kwamba teksi ya kwanza ya Kampala huondoka "at eleven in the morning". Dereva alikuwa amewaambia saa kumi na moja alfajiri, yaani saa ambayo Mwingereza anaiita "five in the morning". Msomaji wa mwongozo ule angefika stejini saa sita baadaye, akiwa na mzigo wake na jua limepanda. Sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na Kiingereza kinaanza usiku wa manane na kuanza upya adhuhuri, hivyo tofauti ni saa sita daima, mchana na usiku. Ninawachorea duara la saa, nawaonyesha kwamba mshale wetu wa saa na wao huelekea pande mbili zinazokabiliana, kisha kila kundi hupewa kazi ya kukagua nyakati zote za kundi jingine. Jambo hili halimo katika vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa na watu wasiosoma saa kama sisi, na ni wajibu wetu kulifundisha wenyewe.

Nauli nayo ina tatizo lake. Kwa Kiswahili, kumi na tano na hamsini hazifanani hata kidogo, lakini "fifteen" na "fifty" zimechanganya watu wengi sana mbele ya dirisha la teksi. Vitabu husema mkazo wa "fifteen" uko mwishoni na wa "fifty" uko mwanzoni. Hiyo ni kweli neno likisimama peke yake, lakini mtu anaposema "fifteen thousand" mkazo husogea hadi silabi ya kwanza, na tofauti inayobaki ni ule mvuto wa irabu na "n" ya mwisho, ambayo kelele za steji huimeza kirahisi. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tunapata tabu zaidi kuisikia. Kwa hiyo katika ukurasa wa maswali ambayo mgeni anaweza kuuliza, wanafunzi huweka "One five or five zero?", swali ambalo nililisikia kwa wafanyabiashara wa mpakani na nikaliheshimu tangu siku hiyo.

Kuhusu kuripoti maswali, nimebadili mpangilio wangu wa kufundisha. Vitabu huanza na swali la moja kwa moja, "Where does he sleep?", ambalo linaleta kitenzi kisaidizi na kubadili mpangilio wa maneno, kisha hufuata swali la taarifa. Matokeo yake ni "We asked the driver where does he sleep", kosa linaloishi hadi chuo kikuu. Kiswahili hakina mabadiliko hayo: "Analala wapi?" na "Tulimwuliza analala wapi" zina maneno yaleyale kwa mfuatano uleule. Mimi sasa huanza na taarifa, "We asked him where he sleeps", pamoja na ile ya adabu, "Could you tell me where the taxis wait?", kwa sababu humo mtenda na kitenzi hukaa kwa mfuatano ambao mwanafunzi tayari anao kinywani. Swali la moja kwa moja huja baadaye, likiwa geni, na hujifunzwa kama kitu kigeni. Katika ripoti hizohizo hujitokeza pia "he" kwa mama muuza ndizi na kwa kondakta wa kike, kwani "yeye" wetu hajali jinsia. Hilo husahihishwa kwa kusoma kwa sauti, hakuna haja ya somo refu.

Msamiati ndio sehemu wanayoipenda kuliko zote. Mgeni kutoka Uingereza akisikia "taxi" atafikiri ni gari dogo analokodi peke yake, na hilo sisi tunaliita "special hire", ilhali hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, Kenya, gari letu la abiria 14 linaitwa matatu. Abiria wetu hudai "balance" akitaka chenji, na tukimwelekeza mtu tunamwambia "branch" mahali ambapo wengine husema "turn off". Sifuti maneno hayo. Ninawaambia kwamba ni Kiingereza cha Uganda, yana watu wake, na katika mwongozo yanapaswa kuandikwa pamoja na maelezo kwa sababu mgeni atayasikia. Nikiwaambia kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapahapa mpakani katika miaka ya 1960, kutokana na "border", wakati baiskeli zilipobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, darasa hunyamaza. Lilitoka Kiingereza, likavaa matamshi yetu, na leo waandishi wa Kiingereza wanaliandika kwa matamshi hayohayo.

Kitenzi "panda" huleta mjadala mzuri. Sisi tunapanda mti, baiskeli, gari na ndege kwa neno moja, na ndiyo maana hupata "I climbed the taxi". Kwa kawaida Kiingereza husema "get on" kwa chombo unachoketi juu yake au unachoweza kutembea wima ndani yake, na "get into" kwa kile unachoingia kwa kuinama. Bodaboda ikawekwa upande mmoja bila ubishi, basi vivyo hivyo. Teksi ilibishaniwa hadi binti mmoja aliposimama, akaonyesha jinsi anavyoinamisha kichwa na kushika kiti cha mbele akielekea nyuma, na darasa likaamua kuandika "get into".

Mwishoni ninatafuta msomaji wa kweli. Muhula uliopita tulipata mwalimu aliyehamia kwetu siku tatu kabla, kutoka Kabale, asiyejua Kiswahili wala Kisamia. Nilimpa mwongozo wa kundi moja, nikamwomba atoke langoni afuate maneno hayo tu hadi steji ya Kampala, na wanafunzi sita wakamfuata kwa mbali wakiwa wamekatazwa kusema. Alikwenda vizuri hadi kituo cha mafuta, kisha akasimama mbele ya pampu, akageuka huku na huku, akausoma tena ukurasa. Uliandikwa "The stage is in front of the petrol station". Steji ilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya mgongo wake, lakini malori mawili yaliificha. Waandishi walikuwa wamefikiria "mbele ya kituo" kwa maana ya mkabala nacho, na sasa waliona kwa macho yao mtu amesimama palepale walipomwambia asimame. Kijana aliyeishika nakala ya kundi hakungoja turudi darasani. Aliiegemeza kwenye ukuta wa duka, akaikata "in front of", akaandika juu yake "opposite", kisha akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwagiza: "Look behind the lorries."