Kampuni ya madaraja ya chuma: ilikuwa nini hasa?

Katika miaka ya 1870, kaunti ya Ohio, Marekani, ikitaka daraja la kuvukia kijito, makamishna wake, ambao aghalabu walikuwa wakulima na wenye maduka, hawakwenda kutafuta mhandisi. Walitangaza zabuni gazetini. Siku ya kufungua bahasha ukumbi ulijaa mawakala, kila mmoja na katalogi yake: michoro ya madaraja, bei kwa futi, na barua za sifa kutoka kaunti jirani. Jioni daraja lilikuwa limeshanunuliwa.

Waliotuma mawakala hao ndio walioitwa kampuni za madaraja. Kwa maana iliyokuwa nayo Marekani kati ya miaka ya 1860 na 1900, kampuni ya madaraja ni kiwanda kilichochora daraja, kikakata na kutoboa vyuma vyake, kikavipakia kwenye treni, na mara nyingi kikatuma watu wa kwenda kulisimamisha, yote kwa mkataba mmoja na bei moja. Kumbe haikuwa kampuni ya ujenzi kama tunavyoijua leo, ile inayopewa ramani ya mhandisi wa serikali ikaifuata. Hapa muuzaji ndiye aliyekuwa mhandisi. Humo ndimo zilimotoka faida zake zote na balaa zake zote.

Daraja la chuma lenyewe lilikuwepo kabla. Lile la Coalbrookdale, Uingereza, lilikamilika mwaka 1779, na bado limesimama juu ya mto Severn. Lakini lilijengwa mara moja, mahali pamoja, na watu waliokuwa na tanuri la chuma jirani. Huwezi kuagiza la pili. Ili daraja liwe bidhaa ya kuagizwa, ilibidi kwanza mtu aweze kukokotoa kabla ya kujenga kila kipande kitabeba nguvu kiasi gani. Kazi hiyo aliifanya Squire Whipple wa jimbo la New York. Alipata hataza ya daraja lake la upinde mwaka 1841, na mwaka 1847 akachapisha kitabu kinachoonyesha, kwa hesabu ya kawaida tu, jinsi ya kupima nguvu katika kila ufito wa kenchi.

Kenchi za daraja ni zile zile unazoziona kwenye paa la nyumba: pembetatu zilizounganishwa. Uzito ukikaa juu, fito za juu hubanwa na za chini huvutwa. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu karne ya 19 ilikuwa na vyuma vya aina mbili vya kuchagua. Chuma cha kumiminwa kwenye kalibu ni rahisi kutengeneza na huvumilia sana kubanwa, lakini ukikivuta hukatika ghafla, bila kuonya. Chuma cha kufuliwa ni ghali zaidi, ila kikivutwa hunyumbuka kwanza. Kwa hiyo madaraja ya mwanzo yalichanganya: cha kalibu juu, cha kufuliwa chini. Baadaye cha kalibu kikaachwa, na kuelekea mwisho wa karne feleji (steel) ikaviondoa vyote viwili sokoni.

Wendel Bollman, aliyekuwa akijenga madaraja ya reli ya Baltimore na Ohio, aliacha kazi hiyo mwaka 1858 akafungua kampuni yake mjini Baltimore. Hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa Marekani kufanya biashara ya kutengeneza madaraja ya chuma na kuyauza kwa yeyote mwenye fedha. Daraja moja la muundo wake lingali pale Savage, Maryland. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe zikachipuka nyingi: Keystone ya Pittsburgh, iliyoanzishwa 1865 huku Andrew Carnegie akiwa na hisa zake ndani, Wrought Iron Bridge ya Canton, Ohio, ya David Hammond, Phoenix ya Pennsylvania, iliyojulikana kwa nguzo yake ya duara iliyofungwa kwa ribiti (misumari minene ya chuma) kutoka vipande kadhaa, hataza ya mwaka 1862, Berlin ya Connecticut, ambayo madaraja yake yana umbo la jicho, kitu cha kupendeza macho hata kama mhandisi wa leo asingeuchagua muundo huo.

Ila ukitaka kuielewa dhana hii kwa mtu mmoja, mwangalie Zenas King. Alizaliwa Vermont mwaka 1818, na hakuingia kwenye madaraja kwa mlango wa uhandisi. Aliingia kwa mlango wa uuzaji, akiwa wakala wa madaraja ya Thomas Moseley wa Cincinnati. Akizunguka kuuza ya mwenzake, aliona kasoro zake na aliona wateja wanataka nini. Mwaka 1861 yeye na Peter Frees wakapata hataza ya daraja lao wenyewe: upinde wa bamba za chuma zilizofungwa zikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na chini yake fito za kuuzuia upinde usifunguke. Lilikuwa jepesi. Chuma kidogo maana yake bei ndogo na nauli ndogo ya treni. Kiwanda chake cha Cleveland, Ohio, kiliandikishwa kuwa kampuni kamili mwaka 1871, na King alipofariki mwaka 1892 madaraja yake yalikuwa maelfu, yametapakaa karibu nchi nzima.

Siri nyingine ilikuwa kwenye maungio. Waingereza walipendelea kufunga kenchi kwa ribiti: chuma kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kinapitishwa kwenye tundu, kichwa chake kinazuiwa upande mmoja na ncha ya upande wa pili inapondwa kwa nyundo. Kazi hiyo inataka mafundi hodari, tena wengi, papo hapo mtoni. Kampuni za Marekani zilitumia zaidi pini. Kila ufito wa kuvutwa uliishia na tundu kubwa, wakaliita jicho. Macho ya fito kadhaa yalipangwa sambamba, kisha pini moja nene ya chuma ikapenyezwa katikati. Vipimo vyote vilikwisha kiwandani. Mtoni palihitajika jukwaa la mbao, winchi, kamba, na kundi dogo la watu, na daraja la barabara lilisimama kwa siku chache, kama kitanda kilichonunuliwa kikiwa kimefungwa.

Juu ya mlango wa daraja kampuni ilipigilia kibao cha chuma chenye jina lake na mwaka, na mara nyingi majina ya makamishna walioidhinisha malipo. Wengine husema ni kumbukumbu ya kihistoria. Mimi naona ni tangazo lililolipiwa na mteja mwenyewe, tena lililowekwa kwa akili: kamishna gani atakataa daraja litakalobeba jina lake akipita na mkewe Jumapili kwenda kanisani?

Kwenye zabuni mambo hayakuwa safi siku zote. Kampuni zilizoonekana zikinyang'anyana wateja hadharani ziliwahi kukaa faraghani na kugawana kaunti. Aliyepangiwa kushinda aliweka bei yake, wenzake wakaweka za juu zaidi ili ionekane kuna ushindani, na baadaye wakagawana ziada. Makamishna hawakuwa na mtu wa kuwaambia bei halali ni ipi. Wala, na hili ni zito zaidi, hawakuwa na mtu wa kuwaambia kama mchoro ni mzima.

Mji wa Dixon, Illinois, ulilipia upungufu huo. Madaraja yake ya mbao kwenye mto Rock yalikuwa yakichukuliwa na mafuriko na barafu, basi ukaamua kununua la chuma. Ukachagua muundo wenye hataza wa L. E. Truesdell, na daraja likafunguliwa mwanzoni mwa 1869. Tarehe 4 Mei 1873, siku ya Jumapili, mchungaji wa Kibaptisti alikuwa akibatiza waumini mtoni, na watu wapatao 200 wakasongamana juu ya daraja, wengi wao upande mmoja, kwenye njia ya waenda kwa miguu ambako ndiko kulikoonekana vizuri. Kenchi ya upande ule ilikatika. Vyuma havikudondoka tu. Vilipinduka na kuwafunika watu majini, wakanaswa baina ya fito. Walikufa 46, wengi wao wanawake. Si treni iliyopita pale wala dhoruba. Ni watu waliosimama wakitazama ubatizo, uzito ambao daraja lolote la mjini lilipaswa kutarajiwa kuubeba.

Haki ya kampuni nayo isemwe. Daraja la reli la Ashtabula, Ohio, lililoanguka na treni tarehe 29 Desemba 1876 na kuua watu 92, halikutoka kwenye katalogi ya mtu. Lilisimamiwa na Amasa Stone, rais wa reli yenyewe, aliyeng'ang'ania muundo wa daraja la mbao uigwe kwa chuma, wataalamu wake wakipinga. Kampuni iliyojenga kenchi za aina moja mara mia ilikuwa na uzoefu ambao tajiri huyo hakuwa nao. Baada ya vifo hivyo reli za Marekani zikaanza kuajiri wahandisi washauri waandike masharti: daraja libebe uzito kiasi gani, chuma kipimwe vipi, kila ufito uvutwe mwisho kiasi gani. Kampuni iliendelea kuchora yenyewe, ila sasa kulikuwa na mtu wa kuusoma mchoro. Upande wa barabara za vijijini mabadiliko yalichelewa, na mashine nzito za mvuke za kupuria nafaka ziliendelea kutumbukia vijitoni kwa miaka mingi.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kule mhandisi mshauri alichora kila kitu mwenyewe, kwa vipimo alivyopenda, na kiwanda kikatii. Matokeo yalikuwa madaraja imara, lakini kila moja lilikuwa kitu kipya, na kiwanda hakikuweza kuweka vyuma tayari ghalani. Tofauti hiyo ilionekana mwaka 1899, jeshi la Kitchener, jenerali wa Uingereza, lilipotaka haraka daraja la reli kwenye mto Atbara, Sudan. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na maagizo tele na vikaomba muda mrefu. Kazi ikaenda kwa Pencoyd, kiwanda kilichokuwa karibu na Philadelphia, kilichotumia vipimo vyake vya kawaida, na mwezi Agosti mwaka huo huo Kitchener akalifungua. London kukawa na kelele bungeni na magazetini: iweje Mmarekani ajenge daraja la jeshi la malkia?

Kelele hazijaisha, likaja la kwetu. Wengi tunaijua reli ya Uganda kwa simba wa Tsavo na daraja la pale, lakini kipande kilichowatesa wajenzi ni kule mbele, ambako njia inateremka kutoka Mau kuelekea ziwani na kukutana na mabonde mfululizo. Yalihitajika madaraja marefu ya minara ya chuma, 27 kwa jumla. Agizo lilishindwa na American Bridge, kampuni iliyokuwa ndiyo kwanza imeundwa. Vyuma vilikatwa na kutobolewa Marekani, vikavushwa bahari hadi Mombasa, vikapanda reli ile ile iliyokuwa ikijengwa. Kundi dogo la mafundi wa Kimarekani likaja kuvisimamisha, na kazi kubwa ya mikono ikafanywa na vibarua kutoka India, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya njia hiyo. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901.

Hiyo American Bridge ndiyo iliyofunga enzi ninayoieleza. Mwaka 1900 J. P. Morgan, tajiri wa benki, aliunganisha kampuni 28, zikiwemo Pencoyd, Keystone na ile ya Canton, na mwaka uliofuata zote zikaingizwa ndani ya U.S. Steel, kampuni kubwa ya feleji. Kati yao kugawana kaunti kwa siri hakukuwa na haja tena, maana washindani hao walikuwa na mwajiri mmoja. Mji ulioota kuzunguka kiwanda chake kipya karibu na Pittsburgh ukaitwa Ambridge, kwa kulifupisha jina la kampuni. Kampuni ya King ilibaki nje na kujikongoja hadi miaka ya 1920. (Msiichanganye na Cleveland Bridge, iliyojenga daraja la Maporomoko ya Victoria mwaka 1905. Hiyo ni ya Darlington, Uingereza, ilianza 1877, na ilifunga milango mwaka 2021.)

Phoenix nayo ilibaki nje, na mwaka 1907 ikawa inajenga daraja la Quebec, lililokusudiwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa mzee anayekaa New York. Hesabu za uzito wa daraja zilifanywa kabla ya kulirefusha na hazikurekebishwa inavyopasa. Fito za chini zilipoanza kupinda, msaidizi wake alisafiri hadi New York kumweleza, na tarehe 29 Agosti Cooper akatuma simu ya maandishi kwenye ofisi ya Phoenix kwamba uzito usiongezwe. Haikufikishwa mtoni. Jioni ya siku hiyo, karibu na saa ya kuacha kazi, upande mzima wa kusini uliporomoka na kuua wafanyakazi 75, 33 kati yao wakiwa Wamohawk, wenyeji asilia wa Kahnawake, Kanada. Tume ya uchunguzi iliwataja Cooper na mhandisi wa usanifu wa Phoenix, mmoja mmoja kwa jina.

Yale madogo ya vijijini yana historia tulivu zaidi. Malori yalipoyashinda uzito, kaunti nyingi ziliyauza kama chuma chakavu. Baadhi ya pinde za King, hata hivyo, zimehamishwa na kusimamishwa upya kwenye njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Kuzihamisha si kazi ngumu: ziliundwa kiwandani zifungwe mtoni na watu wachache, na hufunguliwa vivyo hivyo.