Daktari hakuanza kubadilika sura juzi

Kwenye vijiwe vya wanafunzi hapa Dodoma, mjadala wa Doctor Who hauishi. Wapo wanaoapa kwamba tamthilia hiyo ya BBC, kuhusu msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari, iliharibika 2017, Daktari huyo alipogeuka kuwa mwanamke, mwigizaji Jodie Whittaker. Eti zamani alikuwa mtu mmoja, haya ya kubadilisha sura ni mambo ya siku hizi.

Si kweli. Tamthilia ilianza Novemba 1963, na William Hartnell ndiye aliyecheza Daktari. Kufika 1966 afya yake ilikuwa imezorota. Badala ya kuizika tamthilia, watayarishaji waliamua kwamba kiumbe huyu, ambaye si binadamu, mwili ukichoka anapata mwingine. Mwigizaji mwingine, Patrick Troughton, akaingia na vituko vyake, na baadhi ya watazamaji wakanung'unika papo hapo: huyu ni mchekeshaji, siyo Daktari wetu!

Malalamiko hayo basi ni ya tangu enzi za runinga isiyo na rangi. Kipya cha 2017 ni kwamba mhusika huyo mkuu alikuwa mwanamke. Anayekerwa na hilo, au na uandishi wa kipindi fulani (mengine yananichosha hata mimi), aseme hivyo. Asiisingizie historia.