Agrigeti si mizani ya akili

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yakitoka tu na sekondari yetu ikianza kuchagua wa kuingia, simu zinaanza: “Mwalimu, usipunguze kiwango kwa ajili ya watoto wa vijijini, mtihani ni mmoja kwa wote.” Safari hii amenitamkia hivyo mjumbe wa bodi yetu hapa Arua, mbele ya walimu. Sitaki tena kulijibu kwa simu.

Mtihani ni mmoja, kweli: masomo manne, karatasi zote kwa Kiingereza. Sasa uliza mtoto anaifikiaje karatasi hiyo. Mtaala ulioanza 2007 unataka mtoto wa kijijini afundishwe kwa lugha ya kwao darasa la kwanza hadi la tatu (P1 hadi P3), P4 avuke, kisha aendelee kwa Kiingereza. Mtaala huo nauunga mkono kabisa. Lakini wa shule binafsi ya mjini amekizungumza Kiingereza tangu chekechea, na chekechea ni ya kulipia. Mpe wa kijijini swali la mwenye duka aliyenunua kreti za soda, akauza kwa faida ya asilimia fulani. Faida anaijua, Jumamosi humsaidia mama yake kuuza nyanya sokoni. Anakwama kwenye sentensi, hesabu hata hajaifikia. Halafu tunamwandikia C5, daraja la kati, na kusema hesabu haiwezi!

Na agrigeti yenyewe, yaani jumla ya madaraja ya masomo hayo manne, inaficha mengi. D1, daraja la juu kabisa, ni 1; F9, la kufeli, ni 9. Unajumlisha, 4 ndiyo bora na 36 ndiyo mwisho. Aliyekosa D1 kwa alama moja na aliyeipata D2 kwa chupuchupu wote wanaandikiwa 2. Kwa hiyo mwenye 14 aliyeongoza shule yenye walimu wa kuhesabu kwa vidole, na mwenye 8 kutoka bweni lenye masomo ya alfajiri na ya usiku, mimi siwezi kuapa nani ana kichwa zaidi. Ninachoomba ni matokeo yasomwe pamoja na shule yalikotoka.

Mtoto mwenye ulemavu sina haja ya kumjadili. Sheria ya 2020 inakataza kumbagua, na UNEB, baraza la mitihani, imeshamtahini kwa Breli. “Hatuna vifaa” si jibu.

Kinachoniudhi zaidi ni basari, ule msaada wa kumsomesha mtoto asiye na uwezo, zinazolipa karo tupu. Barua ya kujiunga ina upande wa nyuma: godoro, sanduku la bati, rimu za karatasi, jembe, fagio, karatasi za choo, sare zinazouzwa shuleni peke yake. Mzazi anashukuru kwa upande wa mbele, anageuza, ananyamaza. Wiki ya kuripoti mtoto haonekani, na shule inaandika kwamba “hakujitokeza.” Alijitokeza, jamani! Tumemrudisha kwa orodha.

Ndiyo maana nataka basari ibebe orodha yote. Hapo fedha zinakuwa shida ya kweli. Serikali ilikuwa ikizilipa shule binafsi zilizoshirikiana nayo shilingi 47,000 kwa mwanafunzi kila muhula, mpango ulioanza kufungwa 2018. Siku hizi basari inatoka kwenye karo za wazazi wengine. Ukimlipia mtoto kila kitu, unaingiza wachache. Ukigawa nusu nusu, orodha ya waliopata inapendeza, lakini wengi hawafiki darasani. Na huyo niliyemwingiza na 14 atahitaji Kiingereza cha ziada S1 nzima, mwaka wa kwanza wa sekondari, kazi ambayo mwalimu wake halipwi. Sina hakika kwamba tunamtendea haki tukimpa nafasi bila mwalimu huyo. Bodi ikikutana tena nitaomba fedha za mwalimu kwanza, hata kama nafasi za basari zitapungua.