Simone Veil hakunyamaza, watu ndio hawakutaka kusikia

Kila ninapofundisha historia ya mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, kuna swali linalojirudia darasani: kwa nini manusura walikaa kimya miaka mingi vile? Huwa nawajibu kwa maisha ya Simone Veil, mwanasiasa Mfaransa wa Kiyahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, kwa sababu yanaonyesha kwamba swali lenyewe limekaa upande.

Alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1927. Tarehe 30 Machi 1944, siku moja tu baada ya kufanya mtihani wa kumaliza sekondari, alikamatwa na Wajerumani akiwa na miaka 16. Mama yake Yvonne na dada yake Madeleine nao wakakamatwa. Kutoka kambi ya Drancy, karibu na Paris, walisafirishwa tarehe 13 Aprili katika mabehewa ya mizigo pamoja na watu wapatao 1,500. Treni hiyohiyo ilibeba watoto 34 wa Kiyahudi waliokuwa wamefichwa katika nyumba moja ya kijiji cha Izieu.

Walishushwa usiku Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Mfungwa mmoja akamnong'oneza Simone: sema una miaka 18. Neno hilo lilimwokoa, maana watoto, wazee na wagonjwa walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Aliyebakizwa kwa kazi alichanjwa namba mkononi. Yake ilikuwa 78651. Baadaye mnyapara mmoja wa Kipolandi alitaka kumhamishia kambi ndogo ya Bobrek, ambako kulikuwa na nafuu kidogo. Binti yule alikataa kwenda bila mama na dada yake. Wakaenda wote watatu.

Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilipokaribia, wafungwa walitembezwa kwenye theluji, kisha wakapakiwa kwenye mabehewa ya wazi hadi kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Mama alifia huko mwezi Machi kwa tifasi, homa inayoenezwa na chawa. Waingereza waliingia kambini tarehe 15 Aprili. Baba na kaka yake, waliopelekwa upande wa Baltiki, hawakurudi kamwe.

Sasa tuje kwenye kurudi nyumbani, sehemu ambayo wengi huiruka. Dada mwingine, Denise, alikuwa mpiganaji wa harakati za ukombozi dhidi ya Wajerumani na alifungwa katika kambi ya Ravensbrück. Yeye alipokewa kama shujaa na kualikwa kuhutubia. Simone na Madeleine wakianza kusimulia, watu walibadilisha mazungumzo. Kwenye tafrija moja, afisa alitazama namba mkononi mwa Simone akamuuliza kama ni namba ya kuchukulia koti lake mapokezi. Tangu hapo akapendelea nguo za mikono mirefu.

Kwa maoni yangu sababu haikuwa ukatili wa mioyo peke yake. Ufaransa ya baada ya vita ilitaka kujiona taifa la wapiganaji, ilhali Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka nchini humo, wengi wakiwa wamekamatwa na polisi wa Kifaransa wenyewe. Waliorudi walikuwa kama 2,500 tu. Kuwasikiliza kulimaanisha kuulizana nani alifungua milango. Serikali ilikuja kukiri wajibu huo mwaka 1995, kwa kauli ya Rais Jacques Chirac.

Simone alisomea sheria, akawa hakimu, akashughulikia hali za wafungwa magerezani. Mwaka 1974, akiwa Waziri wa Afya, alitetea bungeni sheria ya kuruhusu utoaji mimba, na mbunge mmoja akathubutu kufananisha jambo hilo na tanuri za kuchomea maiti za kambi za Wanazi. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa rais wa Bunge la Ulaya. Kabla ya hapo na baada ya hapo aliunga mkono maridhiano na Ujerumani, jambo ambalo mimi naliona gumu kuliko vyeo vyote alivyoshika. Alifariki mwaka 2017, na mwaka uliofuata mabaki yake yakahamishiwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa, pamoja na ya mumewe Antoine.

Wanafunzi wangu wanaotoka Rwanda huwa wanaelewa haraka. Esther Mujawayo, mmoja wa waasisi wa Avega, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari ya 1994, ameeleza jinsi wasikilizaji walivyomkatiza wakidai simulizi zake zinatisha kupita kiasi. Yeye na Simone Veil walikaa wakazungumza, na mazungumzo yao yalichapishwa mwaka 2004. Nimewapa wanafunzi mazungumzo hayo wayasome kabla ya kipindi kijacho.