Tekila ya pipa: miaka mingi sio ndo utamu

Dhana ninayokutana nayo sana ni hii, eti tekila ikikaa miaka mingi kwenye pipa ndo inazidi kuwa bora, na wanaoisema zaidi ni wale waliozoea skochi (wiski ya Uskoti) ya miaka 12 au 18, wakiona tekila ya mwaka mmoja wanaikunjia uso. Sio hivyo jamani. Shayiri ya kutengenezea skochi inavunwa ndani ya mwaka, ila agave ya bluu, mmea wa kutengenezea tekila, inakaa shambani miaka 6, 7, hata zaidi, yaani utamu unakuja na mmea wenyewe, pipa kazi yake ni kuupamba, sio kuufunika. Afu Jalisco, jimbo la tekila huko Mexico, kuna joto kuliko Uskoti, mbao zinafanya kazi haraka, ukiiacha sana unabaki na vanila na ubao mtupu. Sheria ya Mexico inagawa tekila ya pipa kwa muda iliokaa, reposado angalau miezi 2, añejo mwaka 1, extra añejo miaka 3 (hili daraja limekuja 2006 tu), na añejo lazima ikae kwenye pipa lisilozidi lita 600 wakati reposado inaweza kulala kwenye tangi la mbao la maelfu ya lita, ndo maana mbao haziigusi sana. Kwangu mimi reposado nzuri inazishinda extra añejo nyingi tu.

Rangi ikikolea ndo imekaa sana? Hapana. Wanaruhusiwa kuweka karameli, dondoo ya mwaloni, gliserini na sharubati ya sukari hadi asilimia 1 na lebo isiseme kitu. Na kuna cristalino, nyeupe pee lakini imetoka pipani, wameichuja kwa mkaa rangi ikatoka. Jicho halikusaidii hapa, tumia pua.

Sasa chumvi na limau. Kwenye shoti za baa za Nairobi na Dar sawa, ila kwa añejo unajidhulumu kabisaa, limau linaua kila kitu. Chukua glasi nyembamba ya shampeni, mimina kidogo, iache dakika chache, pua ikae ukingoni usiizamishe ndani, mdomo uwe wazi kidogo ili pombe isikuchome. Kitu cha kwanza kutafuta ni agave iliyopikwa, ule utamu wa kiazi kitamu kilichochomwa, na pilipili manga kwa mbali, ndo baadaye zije vanila na mdalasini za pipa, maana mapipa mengi yalishabeba bourbon (wiski ya Kimarekani) huko Marekani ambako sheria inataka bourbon iingie kwenye pipa jipya, kwa hiyo yaliyotumika yanauzwa. Dondosha tone kiganjani, sugua, pombe ikishakauka nusa tena. Agave usipoipata kabisa, basi umeuziwa mbao.

Mdudu kwenye chupa ni mambo ya baadhi ya mezcal (pombe nyingine ya agave), tekila haina. Na agave sio dungusi, ni ndugu wa mkonge wetu wa Tanga, ambao nao asili yake ni Mexico.

Mwisho, sio kila tekila ni agave tupu, sheria inataka asilimia 51 tu ya sukari itoke kwenye agave, kwa hiyo tafuta kwenye lebo maneno 100% de agave. Halafu angalia herufi NOM na tarakimu zake 4, hiyo ni namba ya mzalishaji, utashangaa chupa mbili zenye majina tofauti na bei mbalimbali kumbe zimetoka kiwanda kimoja.